Geuza Jani: Nilivyoikosea Pareto, na Nilivyoipanda Ughaibuni

Mwaka juzi, asubuhi moja ya mwezi Juni, nilishuka kwenye basi vituo viwili kabla ya kituo changu. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, miguu inauma, na kitanda kilikuwa kinaniita. Lakini kando ya barabara, kwenye ukingo wa nyasi ambao halmashauri ilikuwa haijaufyeka, niliona maua meupe yenye kiini cha njano, mamia kwa mamia, yakiinamishwa na upepo. Nilisimama pale na sare yangu ya kazi nikasema kwa sauti, peke yangu kama chizi: "Pareto!"

Nilipiga picha, nikamtumia mama kwenye WhatsApp, nikaandika: "Mama, ona. Pareto imenifuata mpaka Sheffield." Nilichuma maua mawili nikampelekea binti yangu wa miaka 7. Nikamwambia, kwa fahari yote, kwamba haya ndiyo maua yaliyonisomesha.

Nilipoamka mchana nilikuta ujumbe wa sauti kutoka kwa mama. Alianza kwa kucheka, halafu akasema: "Hiyo siyo pareto, mwanangu. Miaka yote ile ulikuwa unachuma nini?"

Nilicheka na mimi, lakini iliniuma. Mtu unaweza kusahau jina la mwalimu wa darasa la pili. Lakini nitasahauje ua lililolipa karo yangu? Nakuandikia haya, ndugu msomaji, kwa sababu najua wengi wetu tuliotoka nyanda za juu, iwe ni Makete, Mbeya, Mufindi, Molo, Kinangop, Musanze au Kivu, tumelelewa na mmea huu, na huenda nawe ukautamani bustanini kwako au kwenye chungu dirishani. Unawezekana kabisa. Ila kwanza uutambue.

Maua yaliyonilipia karo

Mimi ni mtoto wa Makete, kusini mwa Tanzania, si mbali na uwanda wa Kitulo, ule ambao watu huuita Bustani ya Mungu na ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Kwetu ni baridi. Mwezi Juni na Julai unaamka unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Mahindi huchukua muda mrefu sana kukomaa huko, lakini pareto hustawi.

Tulichuma asubuhi kabla ya shule na jioni tukirudi. Unashika kichwa cha ua kati ya vidole, unakikata kwa kidole gumba bila kuchukua kikonyo, unatupia kwenye kapu. Mama alikuwa mkali kwenye jambo moja: usichume ua changa na usichume lililochakaa. Maua tuliyaanika kwenye majamvi, na mvua ikitishia kila mtu alikimbia, hata mgeni aliyekuja kunywa chai. Kilo 4 au 5 za maua mabichi zilikauka zikawa kilo 1 hivi. Mnunuzi akikuta unyevu au ukungu, anakataa mzigo. Na hata akiupokea, kuna misimu tulikaa miezi bila kuona hela. Mwishowe mama alichoka, aling'oa sehemu kubwa ya pareto yake akapanda viazi. Alibakiza mistari michache tu pembeni ya shamba.

Mistari ile na viazi ndivyo vilivyonipitisha stashahada ya uuguzi. Shahada niliisoma huku Uingereza nikiwa tayari nafanya kazi na nina mtoto. Kwa hiyo ninapotaja pareto ninataja deni, na ndiyo maana kosa lile la kando ya barabara halikuniacha.

"Ua linadanganya"

Jioni ile nilimpigia mama kwa video nikamwonyesha yale maua mawili yaliyoanza kunyauka kwenye glasi.

"Jani liko wapi?" aliuliza.

Sikuwa nimechuma jani.

"Sasa utaijuaje pareto bila jani? Ua linadanganya, mwanangu. Maua meupe ya namna hiyo ni mengi. Geuza jani, tazama chini yake, linuse. Ndipo useme."

Nilikaa kimya, kwa sababu hicho ndicho ninachowafundisha wanafunzi wanaokuja wodini kwetu: usimsome mgonjwa usoni ukaridhika. Mzee anaweza kukutabasamia huku shinikizo la damu linashuka. Pima, gusa, uliza. Na mimi nilikuwa nimeutambua mmea kwa kuutazama usoni tu, tena kwa usingizi.

Mama alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Pareto ni ya ukoo mkubwa sana wa mimea, ukoo wa deizi, ambao kitaalamu huitwa Asteraceae. Ndugu zake unawajua: alizeti, saladi ya majani, na hata kile kishonanguo kilichokuwa kinang'ang'ania sketi yako ya shule. Jambo la ajabu katika ukoo huu ni kwamba unachokiita ua moja ni kusanyiko la maua mengi. Kila "petali" nyeupe ya pembeni ni ua linalojitegemea, na kile kiini cha njano ni mamia ya viua vidogo kama mirija, vilivyopangwa kwa mizunguko. Viua hivyo havifunguki kwa pamoja. Huanzia ukingoni, mzunguko mmoja baada ya mwingine, kuelekea katikati. Kwa kuwa ukoo mzima umejengwa hivyo, ua jeupe lenye kiini cha njano linaweza kuwa la mimea mingi tofauti. Tofauti ziko chini: kwenye jani, kwenye kikonyo, kwenye harufu.

Haya basi, hii ndiyo mimea minne ambayo kwa hapa Uingereza, na sehemu nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini, ni rahisi kuichanganya.

Wa kwanza ni deizi kubwa ya kando ya barabara, Leucanthemum vulgare. Huyu ndiye aliyenidanganya. Ua lake ni kubwa, limesimama peke yake juu ya kikonyo kirefu, kama pareto kabisa. Lakini jani lake ni la kijani kilichoiva, la chini limekaa kama kijiko chenye meno pembeni, na yale ya juu yamelikumbatia shina. Jani hilo halikuchanwa-chanwa.

Wa pili ni Tanacetum parthenium, ambaye Wazungu wamemtumia tangu zamani kama dawa ya homa na ya kichwa. Huota hata kwenye nyufa za ukuta. Maua yake ni madogo, mengi, yamejikusanya juu kama mwavuli, na jani ni pana, la kijani kinachoelekea njano, lenye harufu kali chungu. Kama muuguzi niongeze hapa: usikubali kutafuna majani haya kwa sababu jirani amesema yanatibu kichwa, hasa kama ni mjamzito au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Muulize kwanza mfamasia au daktari wako.

Wa tatu ni kamomili, Matricaria chamomilla, ile ya chai. Majani yake ni membamba kama nyuzi. Ukipasua kiini cha ua lake kwa wembe kutoka juu hadi chini, utakuta ndani kuna uwazi. Na harufu yake ni tamu, inakaribia tufaha.

Wa nne ndiye mwenyewe, pareto, Tanacetum cinerariifolium. Jani limechanwa-chanwa sana, mpaka linafanana na manyoya ya kuku yaliyoloa. Rangi yake siyo kijani halisi bali ni kijani cha majivu, na ukiligeuza unaona weupe wa vinyweleo laini kama hariri. Kila kikonyo ni chembamba, kigumu kidogo, na kina ua moja tu juu. Ukilisugua jani, harufu inapanda puani mara moja. Mimi niliposugua jani la pareto halisi baada ya miaka 12 bila kuligusa, nilijikuta niko kwenye kibanda chetu cha kukaushia, nasikia mama anaita.

Kosa la pili: kuamini lebo

Lakini siku hiyo ilikuwa bado haijafika, kwa maana nilikosea tena. Wiki moja baada ya aibu ya barabarani nilikwenda duka la bustani na nikakuta mche kwenye kopo una lebo imeandikwa wazi Pyrethrum. Nilijua kwamba hilo ndilo jina la pareto kwa Kiingereza. Mche ulikuwa na vitumba tayari. Nikalipa, nikaupanda nyuma ya nyumba, nikamwambia binti yangu angoje.

Vitumba vilipofunguka, maua yalikuwa ya waridi! Waridi iliyokoza, mazuri, lakini nani aliwahi kuona pareto ya waridi? Mama alicheka mpaka akaweka simu chini. "Hiyo ni pareto ya harusi," alisema.

Kumbe wakulima wa maua wa huku huliita kwa jina hilohilo la pareto ua jingine la ukoo uleule, Tanacetum coccineum, linalopandwa kwa urembo. Ndiyo maana ninakuandikia majina haya marefu ya kitaalamu. Jina la dukani linaweza kuwa la mimea mitatu. Jina la kitaalamu ni la mmoja tu. Unaponunua mbegu au mche, tafuta maneno mawili kwenye pakiti: Tanacetum cinerariifolium. Yasipokuwepo, rudisha.

Mama alijitolea kunifungia miche kwenye kitambaa chenye unyevu, aje nayo ndugu aliyekuwa anasafiri. Nilimshukuru nikakataa. Mimea na mbegu za kupanda haziingizwi Uingereza kwenye begi bila cheti cha afya ya mimea, na sababu yake ni ya kweli: ugonjwa wa mimea husafiri kwenye udongo wa kijiko kimoja. Nilinunua mbegu hapahapa kwa muuzaji aliyeandika jina kamili.

Jinsi ya kuipanda

Nilisia mwezi Machi mwaka jana, ndani ya nyumba, dirishani. Mbegu ni ndogo na nyembamba. Usizizike. Zitandaze juu ya udongo laini wenye unyevu, uzifunike kwa udongo mwembamba kama unanyunyiza chumvi, na uweke mahali penye joto la nyuzi 15 hadi 20. Zangu zilianza kutokeza baada ya wiki 2 na zikaendelea kutoka kwa wiki nyingine. Kati ya mbegu zote nilizosia, zilizoota hazikufika nusu, kwa hiyo sia nyingi.

Miche ilipokuwa na majani ya kutosha kushikika, niliihamishia kila mmoja kwenye kikopo chake. Mwezi Mei nikaitoa nje, kwanza mchana tu, halafu moja kwa moja. Bustanini niliiachia nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche. Miche miwili niliiweka kwenye vyungu, ili nione kama mtu wa ghorofani anaweza. Anaweza.

Pareto inataka mambo matatu na inachukia moja. Inataka jua la kutosha, angalau saa 6 kwa siku wakati wa kiangazi. Inataka udongo mwepesi unaopitisha maji. Mimi nilichanganya udongo na kokoto ndogo, na chini ya chungu nikahakikisha matundu yako wazi. Inataka uipalilie ikiwa bado ndogo. Inachochukia ni maji kusimama kwenye mizizi. Mche wangu mmoja ulikufa kwa sababu ya huruma yangu: niliumwagilia kila jioni nikitoka kazini mpaka mizizi ikaoza. Ukishashika, acha udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena. Wala usiushindilie samadi, utapata majani mengi tu. Konokono hupenda miche michanga, kwa hiyo pita jioni na tochi uwaokote.

Kiangazi kile kikapita na sikuona hata kitumba kimoja. Majani yalikuwa mazuri, ya kijivu, yamejaa, lakini ua hakuna. Septemba nilimwambia mama nataka kuing'oa, nadhani nimeuziwa mbegu mbovu.

"Imepata baridi?" aliuliza.

"Bado."

"Sasa unaidai ua la nini? Pareto hailipi kabla haijapigwa na baridi. Kwa nini unadhani wale wa bondeni walipanda wakapata majani ya mbuzi?"

Nilikwenda kusoma, nikakuta maelezo ya mama yameandikwa kwa lugha ya maabara. Pareto inahitaji wiki kadhaa za baridi, chini ya nyuzi 16 hivi, ndipo ianze kutengeneza vitumba. Joto likizidi, inabaki majani. Ndiyo maana kwetu Afrika Mashariki hulimwa kwenye miinuko ya kuanzia mita 1,800 hivi kwenda juu. Kwa asili mmea huu ni wa pwani ya mashariki ya bahari ya Adriatiki, kule Kroatia na jirani zake, ambako kuna mawe, jua kali la kiangazi na majira ya baridi. Kenya ilianza kuilima mwishoni mwa miaka ya 1920, Tanganyika ikafuata miaka ya 1930, na kwa miongo mingi Kenya ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Tulichokiona sisi kama zao la kwetu kilikuwa mhamiaji kama sisi, aliyepata mlima unaomfaa akatulia.

Kwa hiyo msomaji uliye Minnesota au Ohio, baridi unayo ya kutosha. Hakikisha tu udongo haushiki maji, na theluji ikikaribia uifunike kwa majani makavu. Wewe uliye Muscat au Dubai, nakuambia ukweli: kwa joto la huko utapata majani tu. Badala yake panda ndugu yake, alizeti, kuanzia mwezi Novemba joto linapopungua, na watoto wataona mizunguko ileile ya viua ikifunguka, tena mikubwa zaidi.

Mikono ya mama

Kuna jambo ambalo sikupanga kuliandika, lakini bila hilo makala hii haijakamilika.

Binti yangu ana ukurutu, ile wanayoiita pumu ya ngozi. Kabla ya kumruhusu aguse miche nilitafuta kama kuna hatari. Nilichokisoma nilikuwa nimewahi kukipita haraka wakati wa shahada: mimea mingi ya ukoo wa deizi, pareto ikiwemo, ina kemikali zinazoweza kuleta mzio wa ngozi kwa baadhi ya watu, hasa wanaoishika kila siku kwa miaka. Vidole huwasha, hukauka, ngozi hupasuka. Vumbi la maua makavu laweza kufika usoni na kwenye kope, na kwa mwenye pumu laweza kuleta shida ya kifua.

Nilifunga kompyuta nikakaa. Nilikuwa naiona mikono ya mama. Kila msimu wa kuchuma ilipasuka kati ya vidole, mpaka akawa anashika kikombe kwa viganja. Sisi tulisema ni baridi. Yeye alisema ni sabuni. Usiku alipaka mafuta ya mgando akafunga vitambaa, na asubuhi alikwenda kuchuma. Nilisoma uuguzi miaka mitatu nikirudi likizo kwenye nyumba hiyohiyo, na sikuwahi kuuliza.

Sina uwezo wa kumpima mtu kwa simu, na sikutaka kujifanya daktari. Nilimuuliza tu: ile mikono, ulipopunguza pareto ukalima viazi, ilikuwaje?

Alifikiri. "Ilipona," alisema. "Nilidhani ni uzee, ngozi imekuwa ngumu."

Nikamweleza nilichokisoma. Akanyamaza kwa muda mpaka nikadhani mtandao umekatika. Nikasema, "Mama, nisamehe. Nilipaswa kujua."

"Ungejua ungefanya nini?" alisema. "Nisingechuma, halafu wewe ungesoma kwa kitu gani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Lakini mama si mtu wa kukaa kwenye huzuni. Swali lake lililofuata lilikuwa: "Wanaochuma sasa hivi wafanyeje?" Kuna kinamama jirani zake ambao bado wanaitegemea pareto. Nilimwambia yale ambayo ningemwambia mgonjwa yeyote: vaa glavu na mikono mirefu, nawa kwa maji na sabuni isiyo kali mara baada ya kuchuma, paka mafuta, funga mdomo na pua unapogeuza maua makavu, na ngozi ikiendelea kupasuka nenda kituo cha afya ukamwambie unafanya kazi gani. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Tunamweleza daktari mahali panapouma, hatumwelezi mikono yetu inashika nini.

Nilituma hela ya glavu za mpira, zile za kuoshea vyombo. Mama alinunua jozi kadhaa akagawa. Majibu yaliyorudi ni ya kweli kabisa: glavu nene zinachelewesha kuchuma, kwa sababu ua unalijua kwa ncha ya kidole. Wengine wamekata tamaa, wengine wanavaa. Mama mwenyewe anavaa, na anasema anaonekana kama daktari wa shamba.

Ua ni sumu, usilichezee

Pareto haikulimwa kwa uzuri wake. Ndani ya vichwa vya maua, hasa kwenye vile viua vya katikati vinapogeuka mbegu, kuna sumu iitwayo pairethrini, inayoshambulia mishipa ya fahamu ya wadudu. Inapoteza nguvu haraka kwenye mwanga wa jua, na ndiyo maana inapendwa: haibaki muda mrefu. Wanasayansi waliigiza umbo lake ili wapate dawa inayodumu zaidi, na katika miaka ya 1970, kule Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake wakatengeneza permethrini. Leo permethrini ni krimu ninayowapaka wagonjwa wenye upele, na dawa za jamii yake ndizo zinazowekwa kwenye vyandarua. Nililala chini ya chandarua cha namna hiyo chuoni bila kujua kwamba historia yake inaanzia kwenye ua kama la shambani kwetu.

Kwa hiyo nakuomba mambo haya. Usichemshe maua kutengeneza dawa yako ya kupulizia. Hujui nguvu yake, na hapa Uingereza dawa ya wadudu ya bustanini lazima iwe imesajiliwa. Ya kupika jikoni hairuhusiwi. Usiyafanye chai, hata kama yanafanana na kamomili. Maji uliyooshea maua usiyamwage kwenye bwawa, kwa sababu samaki hufa kwa kiasi kidogo sana. Na kama una paka, dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini zisimkaribie. Zinaweza kumuua. Mmea wenyewe ukiwa bustanini hauna neno, ila mfundishe mtoto kuvaa glavu na kunawa.

Mizunguko mitatu

Majira ya baridi yalipita juu ya miche yangu. Januari ililala chini ya theluji siku nne, nikajua imekufa. Machi ikatoa majani mapya. Mwezi Mei mwaka huu, binti yangu, ambaye sasa ana miaka 9, alikuja ndani akikimbia na glavu zake: "Mama, kuna vitufe!"

Vitumba vilipoanza kufunguka tulimpigia bibi yake. Binti yangu anakielewa Kiswahili lakini huwa anajibu kwa Kiingereza, na maongezi yao kwa kawaida yalikuwa "Shikamoo bibi," "Marahaba mjukuu wangu, umekula?" basi, simu inarudi kwangu. Safari hii simu haikurudi. Bibi alimwambia asogeze kamera kwenye kiini cha ua, ahesabu mizunguko ya viua vilivyofunguka kuanzia ukingoni.

"Moja," alihesabu. "Mbili. Hapa... nusu."

"Bado," bibi akasema. "Ngoja mpaka tatu au nne. Hapo ndipo ua limeshiba. Ukichuma kabla, umeiba. Ukichelewa, limekuibia."

Basi kila asubuhi kabla ya shule akawa anatoka kuhesabu, kama mimi nilivyotoka, ila mimi nilikuwa na kapu na yeye alikuwa na simu. Alitafuta maneno ya kumwambia bibi: kikonyo, kitumba, ukingo, mzunguko. Yale asiyoyajua aliniuliza, na mengine mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau, tukamuuliza mwenye shamba.

Siku mizunguko mitatu ilipotimia, mama alimruhusu achume ua moja. Moja tu, mengine tuyaachie macho. Binti yangu alilikata kwa kidole gumba, bila kikonyo, kama alivyoelekezwa. Halafu, bila mtu kumwambia, akachuma na jani, akaligeuza, akaliweka mbele ya kamera upande wa vinyweleo vyeupe.

Mama aliweka miwani yake akalisogelea. "Haya," alisema. "Hiyo sasa ni pareto."